Mti wa Lango

Nyakasimbi, Karagwe
Jumapili, 14 Juni 1953

Kwa dada yangu Kokuberwa, Masaka, Buganda.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, na kama umesimama nakuomba utafute kigoda kwanza, maana ni ndefu. Sisi huku tunapumua. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatoka mwenyewe mpaka shambani na hataki kushikwa mkono. Yule ng'ombe wako Bihogo uliyeniachia sasa ana mjukuu, mtamba mzuri mwenye pembe zilizokaa sawa. Migomba imekubali mwaka huu. Kahawa siisemi, nisije nikaitia kijicho. Nawe je, kifua bado kinakubana mvua zikianza? Na hao unaowalimia kahawa, wanakutendea kiungwana?

Mama yuko hapa kando yangu kibarazani, ungo wa maharage mapajani, anachambua mbegu. Nilimwomba salamu zake nizitangulize kama ilivyo desturi, akakataa. Amesema za kwake nitaziandika mwisho, nikishamaliza. Kisha kila baada ya kitambo ananiuliza nimefika wapi.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Swali lako ni lile lile la miaka saba: siku ile ya chumvi, nani aliweka mti langoni? Kila mwaka umeniuliza, na kila mwaka nimekujibu habari za ng'ombe. Safari hii nitakujibu, tena humu humu. Ila nakusihi usiruke mistari kwenda kulitafuta jibu huko chini. Soma kama nilivyoandika. Kuna utamu nataka uuonje kwanza, kwa kuwa umeungoja muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Byabato ameanguka. Ndiyo, Byabato mwenyewe, mkungu wetu wa zamani aliyekuwa anatutawala kijijini, yule aliyekuandika katika taarifa yake kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Ameanguka mchana kweupe, mbele ya watu zaidi ya elfu tatu, amevaa kanzu mpya. Haki ya Mungu, dada, niliposikia sauti yake inakatika roho yangu ilisuuzika kama mtu aliyeshinda na kiu akapewa maziwa.

Nianze na ile siku yenyewe. Si kwamba umeisahau. Ulikuwa katikati ya watu, na mtu wa katikati haoni kitu isipokuwa mgongo ulio mbele yake. Imenichukua miaka kuielewa, na ningependa nawe uione kutoka nje.

Mwaka ule wa arobaini na sita askari walikuwa wamerudi kutoka vitani, na chumvi ilikuwa adimu hata ng'ombe walikuwa wanaramba kuta za nyumba. Ikatangazwa kwamba nyumba zilizotoa askari zitapewa zawadi ya chumvi na vipande vya amerikani. Byabato akachagua uwanja wa chanjo ya ng'ombe, kwa sababu una ua tayari na hakutaka kuhangaika. Unaujua ule uwanja. Nyua mbili za magogo zinaanza mbali mbali, kisha zinakaribiana na kukaribiana, mpaka mwisho unabaki ujia wa kupita ng'ombe mmoja, na penye mdomo wa ujia kuna mti wa kupitisha langoni ili mnyama asimame achomwe sindano. Mtego wa ng'ombe, basi. Yeye akautia watu.

Mpaka saa nne watu walipita vizuri. Walikuja wa Nyaishozi, wakaja wa Ihanda, wengine walilala njiani, lakini hakuna aliyemsukuma mwenzake. Akina mama walikuwa wanaimba. Haya nimeyachunguza baadaye na nimeyaona kwa macho yangu mara nyingi: watu wakiwa wanaimba hawasukumani. Kisha Byabato akapanda juu ya magunia, akatangaza kwamba yamebaki magunia mawili tu. Mawili! Nyuma ya banda kulikuwa na saba mengine aliyoyawekea ukoo wake. Wimbo ukakatika pale pale. Hakuna aliyekimbia, dada, usimwamini mtu akikwambia watu walikimbia. Kila mmoja alisogea nusu hatua. Nusu hatua tu, kwa adabu, ili asiachwe. Lakini nusu hatua ya watu elfu mbili ndani ya nyua zinazobana, nani ataizuia? Wa mbele walikuwa wameanza kukosa pumzi, na wa nyuma walidhani mstari unatembea. Byabato akaogopa kwamba watayavamia magunia, akaamuru lango lifungwe. Mti ukawekwa.

Kumi na mmoja. Hawakukanyagwa, kama watu wanavyosema. Walikufa wamesimama, wamebanwa, hewa imewaishia, na wengine hawakuanguka mpaka watu walipoachana. Mwanao Kemigisha, mmoja wao, alikuwa na miaka minane na kichwa chake kilikuwa usawa wa mbavu za watu. Ulimwinua juu, najua. Uliniambia ulimwinua mpaka mikono ikafa ganzi.

Baada ya siku tisa ikasomwa taarifa barazani. Nimeishika moyoni neno kwa neno: kwamba watu walibanana kwa ulafi wao, na kwamba chanzo ni mwanamke Kokuberwa, mke wa Leonadi, aliyeinama kuokota chumvi iliyomwagika, wa nyuma wakajikwaa juu yake. Wewe, uliyekuwa hujafika hata kwenye magunia! Chumvi gani uliyoimwaga? Lakini lilikuwa limeshaandikwa, na lililoandikwa lina miguu. Wakwe zako wakakurudisha nyumbani na kitanda chako. Wafiwa wengine wakawa hawajibu salamu zako. Kisimani wanawake walikuwa wanatua mitungi yao na kungoja uondoke. Mwisho ukafunga kikapu, ukaenda Buganda kwa miguu, na mama akabaki anasikiliza kila kikohozi cha njiani. Byabato hakuja hata kusema pole.

Mtu mmoja tu wa nyumba ile alikuja, mkewe Stephania. Unakumbuka aliingia kwa mlango wa nyuma, akamwosha Kemigisha pamoja na mama, na akamvika kitambaa chake mwenyewe cha sikukuu. Nakuomba umweke akilini huyo mama, maana atarudi.

Mimi nilibaki na donge. Kwenye mwaka wa arobaini na tisa bwana mifugo alinichukua niwe msaidizi wake wa chanjo ya sotoka, na kazi yangu ikawa ile ile ya kupitisha ng'ombe kwenye nyua zile. Mchana kutwa nilikuwa natazama mahali alipofia mtoto wetu. Ndipo nikaanza kujifunza. Mchungaji yeyote anajua kwamba kundi likisongamana langoni humpigi wa mbele, unamwita wa nyuma. Wa mbele hana pa kwenda. Wa nyuma ndiye mwenye nafasi, ila hajui kuna nini mbele, na hana ubaya wowote. Nikawa nafikiri, ng'ombe tunawafanyia hivi kila jioni toka enzi za babu, mbona watu hatukuwafanyia? Nikawa nakwenda kwenye magulio, kwenye misa za sikukuu, kwenye mazishi makubwa, nasimama kando natazama watu wanavyoingia na kutoka. Wengine walinidhani nimerogwa.

Mama ameuliza nimefika wapi. Nimemwambia nimefika kwenye kazi yangu. Amesema haya, endelea.

Mwezi wa tatu mwaka huu ikaja amri kwamba Malkia mpya wa Waingereza atavikwa taji tarehe mbili Juni, na kila mahali pafanyike sherehe. Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, hakuwa amesahau wale kumi na mmoja. Alituambia kwa mkalimani kwamba sherehe itakuwa kubwa kuliko ile, ng'ombe ishirini watachinjwa, na hataki hata mtu mmoja aumie. Akauliza nani anaweza kupanga watu. Bwana mifugo akanitaja mimi. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Nakwambia bila kujisifu, niliipanga vizuri. Nyua za magogo nilizivunja upande mmoja uwanja ukawa wazi, kuingia mashariki, kutoka magharibi, asikutane anayekwenda na anayerudi. Nyama niliigawa pembe nne, asiwepo wa kusema ya kwetu inaisha. Vijiji viliketi mbali mbali, kila kimoja na njia yake katikati, na wazee na wajawazito wakapewa mahali pao pembeni. Nilitafuta wapiga baragumu kumi na wawili nikawasimamisha nyuma, nyuma kabisa, si mbele. Juma zima tuliwafundisha watu kijiji kwa kijiji: baragumu likilia, simama, rudi hatua mbili, na wanaoanza kurudi ni wa nyuma. Watu walicheka sana mazoezini. Waliona ni mchezo.

Sasa sikiliza. Wiki mbili kabla ya sherehe mkalimani akaniletea orodha ya watakaopewa nishani. Jina la tatu, Byabato. Nikamwuliza ni nishani ya nini. Akanisomea: kwa utulivu wake katika ghasia za mwaka wa arobaini na sita, alipookoa maisha ya wengi. Dada, niliomba ruhusa nikaenda nyuma ya ofisi. Kumi na mmoja tumewazika, wewe uko ugenini unalima mashamba ya watu, na yeye anavishwa nishani kifuani! Niliporudi ndani nilikuwa nimeshajua nitakachofanya.

Nilivunja nyua za upande mmoja, nimekwambia. Ujia wa chanjo niliuacha.

Nilimwambia Bwana Shauri kwamba wenye nishani wapite mle kama njia ya heshima, tukaupamba kwa majani ya migomba na maua, ukapendeza. Nikaenda mwenyewe nyumbani kwa Byabato. Akanipa kahawa za kutafuna kwa mkono wake, nami nikazipokea, na nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akang'aa. Nilimwambia kwamba wengine watapita haraka, lakini yeye atakuwa wa mwisho kama mkubwa wao, na kwamba mpiga picha kutoka Bukoba atasimama penye mdomo wa ujia. Nikamwambia alete watu wake, ukoo mzima, wapambe, waimba sifa, wamfuate nyuma waingie pichani. Kichwa kikavimba. Akaniuliza kama nina kinyongo cha zamani. Nikamwambia mzee, yale yamepita.

Siku ikafika. Kila kitu kilikwenda kama maji. Watu walikula, wakacheza ngoma, wakatoka na kuingia, hakuna aliyetoneka hata kidole. Bwana Shauri alinishika mkono mbele ya wote. Kisha wenye nishani wakaitwa. Wawili wakapita, wakavishwa, wakaenda kuketi. Byabato akaingia ujiani na kanzu yake mpya, na nyuma yake watu kama sitini wa nyumba yake wanamwimbia. Alipofika mwisho nikapitisha mti langoni, nikamwambia kwa heshima asubiri kidogo, mpiga picha anajiandaa. Baragumu langu lilikuwa shingoni. Nyuma ya ujia nilikuwa nimemweka Aristides, yule dereva wa lori la kahawa, na lake, na nilimwagiza asipulize mpaka asikie langu.

Ndipo nikapanda juu ya gogo nikawatangazia wale watu wake: picha ni moja tu.

Wimbo ukakatika. Wakasogea nusu hatua.

Nilisimama pale natazama, dada. Sikutaka afe. Au labda nilitaka, Mungu anajua, mimi sikujua wakati ule na sijui hata sasa. Nilichotaka hasa ni aonje. Kifua chake kilifika kwenye mti, kikagusa, kikaganda. Aligeuka nyuma akawaambia warudi. Nani alimsikia? Walimpenda wote wale, ni watoto wake na wakwe zake, kila mmoja alitaka tu bega lake lionekane pichani. Nikaona uso wake unavyojua. Alijua kabisa yuko wapi na ni kitu gani kile. Sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha vile, na najua ni dhambi kuandika hivyo siku ya Jumapili.

Akaniambia, "Melkiory, ondoa mti."

Nikamwambia, "Sema kwanza. Siku ya chumvi nani aliamuru lango lifungwe?"

Akatikisa kichwa. Nikangoja. Sikuwa na haraka. Mkalimani alikuwa ameshasogea, na Bwana Shauri nyuma yake anauliza kuna nini, na watu wa vijiji vya karibu wamesimama kusikiliza. Byabato akasema kwa sauti ndogo kwamba aliamuru yeye. Nikamwambia aseme kwa nguvu, wafiwa wako mbali. Akasema tena kwa nguvu. Nikamwuliza juu ya Kokuberwa, kama aliinama, kama alimwaga chumvi. Akasema hapana, hukuinama, hukumwaga kitu, aliandika jina lako kwa kuwa ulikuwa umelia sana mbele ya watu na jina lako ndilo watu walilolikumbuka. Alisema hivyo, dada. Watu wote walisikia. Mama wa Ihanda aliyezika wanawe wawili siku ile alikaa chini pale pale akaweka mikono kichwani.

Hapo ingetosha. Nilikuwa na baragumu mkononi tayari. Lakini Byabato alikuwa hajamaliza, na pumzi aliyokuwa nayo aliitumia yote.

Akasema, "Mimi niliamuru. Aliyeweka mti ni wewe."

Mama ameniuliza nimefika wapi. Nimemwambia nimefika hapo. Ameacha kuchambua maharage.

Ni kweli, dada. Hilo ndilo jibu la swali lako la miaka saba. Niliuweka mimi Melkiory, ndugu yako wa tumbo moja, mjomba wake Kemigisha. Nilikwambia siku ile nilikuwa nyuma ya banda nabeba magunia. Nilikuwa langoni. Byabato alinichagua nisimame pale kwa kuwa mimi ni mtoto wa wafugaji na naujua ule mti. Aliposema funga, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nimefunga mti ule jioni zote za utoto wangu. Ng'ombe wakisongamana unawawekea mti, wa mbele anasimama, wa nyuma anaitwa, kundi linafunguka. Ndivyo tulivyofundishwa na baba, nawe ulikuwepo. Ila nyumbani wewe ndiye uliyekuwa unakaa nyuma unawaita. Siku ile niliweka mti, nikangoja mtu awaite wa nyuma, na nyuma hakukuwa na mtu. Nilitaka kuuondoa. Niliushika nikauvuta, ukawa umebanwa na vifua vya watu, haukutoka. Nilimwona Kemigisha mikononi mwako. Ulikuwa unanitazama, lakini nadhani hukuniona, machozi na vumbi vilikuwa vimekujaa. Miaka saba nimeomba iwe hukuniona, na miaka saba umekuwa unaniuliza.

Hayo yote ungeweza kunisamehe, pengine. Nilikuwa kijana, nikaamriwa, mkono ukaenda. Nitakwambia ambalo halina udhuru. Siku ya tisa, taarifa iliposomwa barazani, mimi nilikuwa nimeketi mstari wa pili. Nilimsikia akikutaja. Byabato aliinua macho akanitazama, akanitazama vizuri, nami nikamwelewa. Jina langu halikuwemo mle. Kama ningesimama nikasema dada yangu hakuinama, angeuliza wewe ulikuwa wapi ukaona. Nikainamisha kichwa. Nikakuacha ubebe. Nilikusindikiza mpaka njia panda siku ulipoondoka, nikakubebea kikapu, ukanishukuru.

Kwa hiyo chuki yangu kwa Byabato, ambayo nimeilisha vizuri kuliko ng'ombe wangu, sehemu yake ilikuwa ni kwa sababu yeye peke yake alikuwa anajua.

Aliposema vile pale ujiani nikashindwa kufanya chochote. Baragumu lilikuwa bado mkononi. Kisha upande wa kushoto, penye gogo la tatu, nikamwona Stephania. Sikumwalika. Mwanamke hakuwa na cha kufanya kwenye picha ile, alikuwa amemletea mumewe fimbo aliyoisahau. Alikuwa amebanwa shavu kwenye gogo, macho wazi, midomo imegeuka rangi, hasemi kitu. Ni yeye aliyemfunga Kemigisha kitambaa. Nikapuliza. Aristides akajibu kutoka nyuma, na wale kumi na mmoja wengine wakajibu uwanja mzima, na wale watu sitini wakarudi hatua mbili, wa nyuma wakianza, kama tulivyowafundisha wakicheka. Nikautoa mti. Ulitoka kirahisi.

Hakufa mtu. Byabato amevunjika mbavu mbili na amelazwa, na sisikitiki kwa mbavu zake, nisikudanganye. Nishani yake imerudi kwenye kisanduku. Stephania alipata nguvu jioni ile ile. Nilikwenda kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niondoke. Bwana Shauri nilimweleza mwenyewe habari yote, ya juzi na ya zamani, na jinsi nilivyoutega ujia. Nimesimamishwa kazi na shauri langu litasikilizwa mwezi ujao. Alisema ameona mpango bora wa watu na kitendo kibaya kwa mkono mmoja, na hajui aandike nini.

Alhamisi hii iliyopita taarifa mpya imesomwa barazani, mahali pale pale. Jina lako limeondolewa. Jina la Byabato limewekwa, na langu chini yake. Nimekuletea nakala ndani ya bahasha hii, ina muhuri. Leonadi alikuwepo. Alilia, lakini hayo ni yake, wewe huna haja nayo.

Nimekuandikia haraka kwa sababu Aristides anakuja Masaka na lori mwisho wa mwezi. Amesikia yote, na ulimi wake unaujua. Sikutaka habari hii uipate kwake.

Sikuombi kitu. Kisasi nilichokitaka kwa Byabato nimekipata, na kilipofika kilikuwa na mimi ndani yake. Kisasi juu yangu mimi unacho wewe. Ukitaka kuniandikia, andika. Ukitaka kunyamaza, nitajua umeisoma. Ukitaka kuja kunitazama usoni na kunitemea mate, nitasimama.

Nimemwambia mama nimemaliza. Unapaswa kujua kwamba alisikia siku ile ile ya sherehe, kama wote. Siku kumi na mbili amenipikia, ameniwekea chakula, na hajaniita jina. Leo asubuhi baada ya misa ndipo aliponiletea kalamu na karatasi, akakaa hapa na ungo wake. Sasa amenitaka nimsomee yote kutoka juu. Nimemsomea. Palipo pabaya aliniambia nirudie, nikarudia.

Kisha ametoa salamu zake, na naziandika kama alivyozisema. Anasema: mwambie mwanangu Kokuberwa namsalimu. Mwambie mbegu za maharage nimezichambua, za kwake nimeziweka kando kwenye chungu, tunapanda mvua za mwezi wa tisa. Mwambie njia ya kisimani ni nyeupe, wanawake wameniuliza anakuja lini.

Nilimwuliza kama ana neno la kuongeza juu yangu. Amechukua ungo akaingia ndani.

Ubaki salama, dada, na kifua kikupe nafasi. Bihogo na kizazi chake ni wako, wamekungoja.

Mimi ndugu yako, niliyeuweka mti,
Melkiory